Nimesota

Kusota, kwa mama yangu, ni kazi ya mtoto:
matako chini, mikono mbele, sakafu ya saruji,
kutoka jikoni hadi mlangoni bila kusimama.
Kwa hiyo Ngumbao alipopita kwetu Maweni
akasema, "Mama Sidi, mwenzio nimesota,"
mama alimtazama miguu.

Tulicheka hadi chai ikapoa.
Ngumbao akageuza mifuko ya suruali nje,
masikio mawili ya sungura, na ganda moja la njugu.

Tangu siku hiyo nalichunguza neno hili,
mimi niuzaye salio na kutoa pesa za simu
katika kibanda cha mabati, mkabala na kinu cha mahindi.
Kila namna ya kukosa hupita dirishani pangu.
Fundi wa viatu, Mtanzania, husema amechacha,
kama mnazi wa juzi.
Baya, aliyefunzwa Kitaliano na wageni wa ufukweni,
asema Mtaliano akiishiwa husema yuko kwenye kijani.
Kijani kipi? Hajui.
Yeye akiishiwa haoni rangi yoyote.

Nimejua pia mahali lisipokwenda.
Mwenye nyumba humwambii umesota,
humwambia "mwisho wa mwezi, inshallah".
Matangani halisemwi, pale hamsini hutoka
hata kama ni ya kukopa.
Wakwe hawaambiwi kabisa.
Nchi nayo haisoti, nchi hupitia changamoto.
Ni neno la rika, la anayekwambia leo
akijua kesho ni zamu yako,
na lazima kicheko kilisukume kwa nyuma
kama mkokoteni wa maji.

Lakini siri yake imo ndani ya *me*.
Maskini huja na *ni*: mimi ni maskini.
Na hiyo *ni* imekaa, imevua viatu,
imeuliza chakula cha jioni ni nini.
*Me* imetoka mahali.
Nimelowa, nimechelewa, nimesota:
yaani jana hamkunikuta hivi.
Na mama hakukosea, nikifikiria.
Mtoto anayesota hakuna amwitaye kiwete.

Aprili hoteli ya Kasuarina ikafunga jiko.
Baba alipika tambi pale miaka kumi na tisa,
akarudi na visu vyake ndani ya taulo.
Mei akasema, "Nimesota," akacheka.
Juni akasema.
Julai akauza baiskeli, wala hakusema kitu.

Ofisini kwa chifu, fomu ya basari ya Sidi
ilikuwa na mstari mmoja mrefu: *Hali ya mzazi.*
Karani, binti mpole, meno yenye mwanya,
alisema, "Andika maskini, mzee. Wote huandika hivyo."
Baba akauliza, "Nimesota haifai?"
Binti akacheka, kisha akajiona anacheka peke yake.
"Hilo si neno la serikali, mzee."

Kalamu ilikuwa imefungwa uzi kwenye meza,
uzi mfupi, ikambidi ainame.
Akaandika, kwa herufi alizozoea kuandikia
orodha ya vitunguu na nyanya: Maskini.
Akatua.
Kisha pembeni, ndogo, kama aongezaye chumvi
chungu kikiwa tayari kimeipuliwa: kwa sasa.

Muhuri ukaanguka papo hapo,
wino wa zambarau, ngao, tarehe,
juu ya maneno yale mawili.

Nilitumwa mimi kuipeleka shuleni, saa saba, jua kali.
Mara mbili njiani nikaiinua karatasi
nikaitazama kwa mwanga.
*Kwa* inasomeka.
*Sasa* inataka jicho.